Kupanda Impatiens walleriana Kivulini kwa Ajili ya Vipepeo

Chini ya mparachichi uliotanda, mahali ambapo nyasi zimekataa kuota, lipo ua la kwetu linalostawi: Impatiens walleriana, mmea wa kudumu ambao asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Ulaya hulazimika kulipanda upya kila mwaka kwa sababu baridi kali huliua. Huku kwetu, likipata maji, huchanua karibu mwaka mzima.

Ombeni vipandikizi kwa jirani mwenye bustani badala ya kung'oa mimea msituni. Ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hukatwa chini kidogo ya kifundo (mahali jani linapotokea kwenye shina), huondolewa majani ya chini, kisha husimamishwa katika glasi ya maji mbali na jua kali. Baada ya wiki mbili hivi mizizi myeupe huwa imechomoza.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kuchagua ua lenye petali tano tu. Aina zilizorundikana petali kama waridi zinapendeza macho, lakini kwa kipepeo ni mlango uliofungwa, kwa kuwa mbochi, yaani maji matamu ya ua, hukaa ndani ya kijimkia chembamba kilichopinda nyuma ya ua, ambacho hufikiwa na ulimi mrefu. Ukilikaribia ua utaona katikati yake kikofia kidogo chenye chavua; kikofia hicho hudondoka baadaye na kuiacha wazi sehemu inayopokea chavua kutoka ua jingine.

Miche hupandwa mvua zinapoanza, kwa nafasi ya sentimita 30, katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ingawa samadi ikizidi utavuna majani matupu. Shina lake limejaa maji, hivyo hulegea udongo ukikauka. Usishtuke, mwagilia nalo litasimama tena. Maji yatiwe shinani asubuhi, si juu ya majani jioni, kwani majani yakilala na unyevu hukaribisha ugonjwa wa ubwiri unyoya, ambao huonekana kama unga mweupe upande wa chini wa jani. Mmea uliougua ung'olewe na kuchomwa, usitupwe kwenye shimo la mboji.

Dawa za kuua wadudu zisipuliziwe hapo kabisa. Mashina yakirefuka na kubaki uchi, yapunguzwe, nayo yatachipua. Vitumba vya mbegu vilivyoiva hupasuka vikiguswa na kurusha mbegu pembeni. Zisifukiwe, kwa sababu huota vizuri zikipata mwanga.