Somo: Jinsi ya kulinganisha magolikipa wa enzi tofauti kwenye ligi ya hoki ya mtandaoni

Kila golikipa mkongwe anapotundika glavu, ubishi ni ule ule: nani alikuwa bora, huyu au yule wa zamani? Mmoja anataja idadi ya ushindi, mwingine anahesabu makombe, wa tatu anakuja na asilimia ya kuokoa (mashuti aliyozuia katika kila 100) bila kusema ni ya misimu gani. Nimepiga kura ya Ukumbi wa Mashuhuri kwenye ligi yetu kwa misimu mingi, na kuna golikipa mmoja nilimnyima kura yangu mara mbili. Siku nilipokaa na takwimu zake, msimu baada ya msimu, niliona nilimkosea. Mwanachama aliyemuunda na kumkuza golikipa huyo alikuwa ameshaondoka kwenye ligi. Tangu hapo sipigi kura ya golikipa kabla sijafanya hesabu hii, na ndiyo nataka niwape leo.

Nazungumzia ligi za hoki ya barafuni ambazo wewe unaunda mchezaji, unamkuza kwa pointi, halafu programu kama Franchise Hockey Manager au STHS inacheza mechi na kukupa takwimu. Andaa jedwali la Excel, au lolote linaloweza kujumlisha.

Hatua ya 1: Kusanya namba ghafi

Kwa kila msimu andika mechi, dakika, mashuti yaliyolenga lango na mabao aliyofungwa. Basi. Asilimia ya kuokoa usiinakili, utaikokotoa mwenyewe. Msimu wa kawaida uwe na safu zake, mtoano uwe na zake. Kuna kurasa za wachezaji zinazochanganya vyote kwenye mstari mmoja wa jumla, na ukiuamini mstari huo umeshapotea kabla hujaanza.

Kosa ninaloliona hata kwa watu makini ni kuchukua wastani wa wastani. Tuseme golikipa msimu wa kwanza alikuwa wa akiba, akapigiwa mashuti 300 na kufungwa 24: asilimia 92.0. Msimu wa pili akawa wa kwanza, mashuti 1,800, mabao 171: asilimia 90.5. Ukijumlisha hizo asilimia na kugawa kwa mbili unapata 91.25. Lakini kwa ukweli amefungwa mabao 195 katika mashuti 2,100, yaani asilimia 90.7. Umempa zawadi ya mabao kama 11 ambayo hakuyazuia. Jumlisha mashuti kwanza, jumlisha mabao, ndipo ugawe.

Hatua ya 2: Tafuta wastani wa ligi wa kila msimu

Hapa ndipo kazi ilipo, na wengi huiruka. Fungua takwimu za magolikipa wote wa msimu husika, jumlisha mashuti yote na mabao yote, upate asilimia ya ligi nzima. Fanya hivyo kwa kila msimu ambao magolikipa wako wawili walicheza.

Kwa nini? Kwa sababu ligi haikai pale pale. Uongozi ukibadilisha programu au toleo lake, mabao yanapanda au yanashuka. Zikiongezwa timu mpya, vipaji vinatawanyika na washambuliaji hodari wanakutana na mabeki wachanga. Ukipandishwa ukomo wa pointi za kumkuza mchezaji, kila kitu kinasogea. Asilimia 91 ya msimu mmoja inaweza kuwa dhahabu, na misimu kumi baadaye ikawa ya golikipa wa kawaida kabisa.

Hoki halisi ina mfano mzuri sana. Grant Fuhr wa Edmonton alichukua tuzo ya Vezina, ya golikipa bora wa NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada), msimu wa 1987-88 akiwa na asilimia 88.1. Miaka ishirini na kitu baadaye, golikipa mwenye asilimia hiyo angekuwa anatafuta timu. Fuhr hakuwa dhaifu. Alicheza enzi ambazo mabao yalimiminika, na kila golikipa alikuwa anafungwa hivyo.

Hatua ya 3: Hesabu mabao aliyookoa zaidi ya wastani

Hili ndilo moyo wa somo. Kila msimu jiulize: golikipa wa wastani angepigiwa mashuti haya haya, angefungwa mangapi? Toa mabao aliyofungwa golikipa wako. Kinachobaki ndicho alichoiongezea timu.

Twende na mfano. Namba ni za kutunga ili hesabu isomeke kirahisi, lakini sura yake ni ile ile ya yule niliyemkosea.

Golikipa wa jezi 31 alicheza mechi 400 katika enzi ya mabao mengi. Mashuti 12,000, mabao 1,080, asilimia 91.0. Ligi kwa misimu yake ilikuwa asilimia 90.0, kwa hiyo golikipa wa wastani angefungwa 1,200. Jezi 31 ameokoa mabao 120 zaidi.

Golikipa wa jezi 35 alikuja baadaye, akacheza mechi 300. Mashuti 9,000, mabao 720, asilimia 92.0. Kwa macho tu huyu ndiye bora. Lakini ligi ya wakati wake ilikuwa asilimia 91.5, na wa wastani angefungwa 765. Ameokoa 45 zaidi.

Gawa kwa mechi: jezi 31 anapata bao 0.30 kila mechi, jezi 35 anapata 0.15. Mara mbili! Na huyu wa 31 ndiye tuliyekuwa tunampita kwenye karatasi ya kura kwa sababu asilimia yake haianzi na 92. Kwenye mfano nimetumia wastani mmoja kwa kila enzi, ila wewe fanya msimu kwa msimu halafu jumlisha.

Hatua ya 4: Pima bahati

Programu inarusha kete kila shuti, kwa hiyo sehemu ya kila namba ni bahati. Kuna njia ya haraka ya kuikadiria: chukua mashuti, zidisha kwa asilimia ya kuokoa ya ligi, zidisha kwa asilimia ya kufungwa, zote ukiziandika kwa desimali, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa msimu mmoja wa mashuti 1,800 kwenye ligi ya 0.91, ni kipeuo cha pili cha 1,800 × 0.91 × 0.09, karibu 12. Maana yake golikipa wa wastani kabisa anaweza kumaliza msimu na mabao 12 juu au 12 chini bila kuwa amebadilika chochote. Ndiyo maana msimu mmoja mtamu haunishawishi.

Kwa jezi 31, mashuti 12,000 yanatoa bahati ya mabao kama 33. Yeye ana 120, zaidi ya mara tatu na nusu. Jezi 35 ana 45 dhidi ya bahati ya kama 26. Nina imani naye, ila siwezi kuapa.

Hatua ya 5: Ushindi, klinishiti (mechi bila kufungwa bao) na wastani wa kufungwa viweke pembeni

Sisemi uvitupe. Vitazame mwishoni.

Ushindi ni wa timu. Tena unategemea kanuni: Patrick Roy alimaliza NHL na ushindi 551 na sare 131, kwa sababu mikwaju ya kuamua mshindi ilianza msimu wa 2005-06 yeye akiwa ameshastaafu. Marc-Andre Fleury ana ushindi 575 na sare 2 tu. Ukiwaweka mstari mmoja bila kusema hivyo, unamdhulumu Roy. Angalia kama ligi yako nayo iliwahi kubadilisha kanuni za sare.

Wastani wa kufungwa ni mabao mara 60 gawanya kwa dakika, na ndani yake kuna mashuti mangapi beki wameruhusu. Klinishiti ya mashuti 16 na ya mashuti 41 zinaandikwa sawa. Martin Brodeur ana ushindi 691 na klinishiti 125, rekodi zote mbili za NHL, na asilimia yake ni 91.2. Dominik Hasek ana ushindi 389 tu, lakini asilimia 92.2. Roberto Luongo ana ushindi 489 na asilimia 91.9, na hakuwahi kupata Vezina wala Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Kila ligi ya mtandaoni ina Luongo wake, na ningependa tumtafute kabla hajasahauliwa.

Hatua ya 6: Tenganisha kilele na urefu

Chukua misimu mitano bora ya kila mmoja, jumlisha mabao ya ziada (yale aliyookoa zaidi ya wastani), weka safu ya kwanza. Safu ya pili iwe jumla ya maisha yote. Ken Dryden alicheza mechi 397 tu za msimu wa kawaida, akashinda 258, akapoteza 57, akaondoka na makombe sita. Ukipima kwa urefu tu unamkosa.

Kwenye ligi zetu kuna jambo la ziada: mchezaji akifikia umri fulani anaanza kukatwa pointi. Anayestaafu mapema analinda asilimia yake. Anayebaki kusaidia timu changa anaichafua. Kwa hiyo misimu ya hasi ya mwishoni mimi huiandika kwenye safu yake peke yake, isomeke lakini isile kilele chake.

Maswali ya wanachama

Mkuu, shukrani kwa somo. Kwenye wastani wa ligi siwezi kutumia tu jumla ya mabao ya timu zote? Ni haraka zaidi.

Utaharibu. Jumla ya timu ina mabao ya lango tupu, yale ya dakika za mwisho golikipa akiwa ametolewa, na hayo hayaandikwi kwa golikipa yeyote. Ligi nyingine huongeza bao moja kwa aliyeshinda mikwaju. Wastani wa ligi utaonekana mbaya kuliko ulivyo, na kila golikipa ataonekana shujaa. Jumlisha ukurasa wa magolikipa.

Kipa wangu alikaa timu mbovu miaka yote. Mashuti ya timu mbovu si ni ya hatari zaidi? Hesabu yako haimlindi.

Kweli kabisa ndugu, haimlindi, na programu nyingi hazitoi ubora wa shuti. Ninachofanya ni kumlinganisha na golikipa wa akiba wa timu ile ile, kwa misimu yote waliyokuwa pamoja, kwa sababu wamecheza nyuma ya beki wale wale. Kama akiba wake walikuwa chini ya wastani kila msimu na yeye yuko juu, hiyo ni hoja nzito. Kumbuka tu kwamba akiba hupewa mechi chache, na mara nyingi dhidi ya wapinzani hafifu, basi unganisha misimu mingi kabla ya kusema.

Na mtoano je? Makombe hayahesabiki?

Yanahesabika, lakini kwa mzani mwingine. Mechi 20 za mtoano zenye mashuti 30 kila moja ni mashuti 600, na bahati yake ni mabao kama 7. Golikipa anaweza kubeba kombe kwa wiki chache za kete nzuri. Anayerudia ndiye wa kumtazama: Roy alichukua Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, mwaka 1986, 1993 na 2001. Tumia wastani wa ligi wa mtoano wenyewe, usitumie wa msimu wa kawaida.

Mwalimu, naomba kuuliza, pointi alizokuwa nazo golikipa zinaingia wapi? Mmoja wangu alifika ukomo, mwingine alikuwa wa pointi za kati.

Haziingii kwenye kipimo cha nani alikuwa bora. Golikipa wa pointi nyingi alizipata kwa aliyemkuza kufanya kazi kila wiki, na hiyo ni sehemu ya maisha yake. Ila ukitaka kujua nani alitumia alichonacho vizuri zaidi, weka mabao ya ziada kando ya pointi za kila msimu. Utawaona waliopanga sifa zao kwa akili.

Misimu ya mwanzo ya ligi yetu haina mashuti, yalipotea tulipohama programu. Niwaache wale wazee?

Usiwaache. NHL yenyewe ina takwimu za mashuti kuanzia msimu wa 1955-56 tu, na misimu mitano mikubwa ya Terry Sawchuk pale Detroit, 1950-51 hadi 1954-55, iko kabla ya hapo. Kila mmoja kati ya hiyo alimaliza chini ya mabao 2.00 kwa mechi, na hakuna anayemfuta. Kwa misimu isiyo na mashuti chukua wastani wa kufungwa wa ligi, toa wa golikipa wako, zidisha kwa dakika zake, gawa kwa 60. Utapata mabao ya ziada yaliyochanganyika na kazi ya beki. Yaandike kwa rangi tofauti, na usiyajumlishe na yale ya mashuti.