Jinsi ya kulinda mbegu za kiume kwa vyakula vya sokoni (na vipi vya kuviogopa)

Kwanza tutenganishe mambo mawili maana watu wanachanganya sana. Nguvu za kiume ni habari ya kusimama, mbegu ni habari ya kutungisha mimba, na mwanaume anaweza kuwa fiti kabisa kwenye la kwanza huku la pili limelala. Supu ya pweza na vumbi la Kongo zinauzwa kwa ajili ya lile la kwanza. Hapa naongelea mbegu tu.

Mbegu ya kiume ni dhaifu kuliko seli nyingi za mwili. Ganda lake limejaa mafuta laini yanayoharibiwa haraka na oksijeni, alafu yenyewe ni ndogo mno haina nafasi ya kubeba kinga yake. Sasa weka sigara, joto, maambukizi, kitambi, au ile mishipa iliyovimba kwenye korodani, vyote vinazalisha chembe haribifu za oksijeni, ganda linachacha kama mafuta yaliyokaangiwa chipsi wiki nzima, mbegu inakosa mwendo na hata DNA ya ndani inakatikakatika. Antioksidanti za kwenye mimea zinazituliza izo chembe. Kwa iyo ni ulinzi, mrija wa kupitisha mbegu ulioziba hauzibuliwi na tunda lolote.

Anza kwa kupima. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa shahawa, alafu nenda maabara, na kama sampuli umetolea nyumbani ifikishe ndani ya saa moja bila kuiacha ipoe. Kwa viwango vya WHO vya 2021 mstari wa chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Ndiyo, nne tu, usitetemeke ukiona karatasi. Ila majibu yakija sifuri achana na habari za jikoni, muone daktari wa mfumo wa mkojo.

Mbegu moja inachukua siku kama 74 kutengenezwa, ongeza wiki moja mbili za kukomaa. Yani ulichokula leo utakiona baada ya miezi mitatu, na anayekuambia siku saba anataka hela yako.

Nyanya iwe ya kwanza, na iwe imepikwa. Ile rangi nyekundu ni laikopini, inatoka vizuri nyanya ikiiva kwenye mafuta, kwa iyo rosti inaishinda kachumbari hapa. Chuo Kikuu cha Sheffield huko Uingereza waliwapa vijana wazima miligramu 14 za laikopini kila siku kwa wiki 12, idadi ya mbegu haikubadilika ila zenye mwendo kasi na umbo zuri ziliongezeka. Kiasi icho ni kama vijiko viwili vya mezani vya nyanya ya kopo iliyokolea. Tikitimaji na mapera mekundu nayo yanayo.

Kwenye njugu, Hispania walilisha vijana gramu 60 kwa siku kwa wiki 14, lozi na wenzake wa bei mbaya, na mbegu zikaboreka kwa idadi na mwendo. Sisi tuna karanga zenye vitamini E, korosho na mbegu za maboga zenye zinki. Konzi moja au mbili kwa siku inatosha, ila karanga yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Vitamini C haipendi moto, kwa iyo mapera, machungwa na ubuyu kula bila kupika. Ubuyu naomaanisha ni unga mweupe, koroga na maji, sio ule wa rangi uliojaa sukari. Mchicha na matembele chemsha kidogo tu.

Vidonge je? Marekani walijaribu vidonge vya madini ya zinki na vitamini ya foliki kwa wanandoa 2,370, matokeo yakatoka 2020, watoto hawakuongezeka na wanaume wakaongezewa kuumwa matumbo. Mimi ningenunua nyanya.

Alafu kuna mimea ya kuogopa, kitu ambacho wauza dawa hawasemi. Mbegu za papai watu wanazimeza kwa minyoo, lakini dondoo lake limeshusha mbegu za kiume za panya na nyani kule India, kwa iyo ziache kipindi unatafuta mtoto. Mafuta ya pamba yasiyosafishwa yana kemikali ya gosipoli, Wachina waligundua madhara yake kwa kuwa wanaume waliokuwa wanayala walikosa watoto, mpaka ikajaribiwa kama uzazi wa mpango. Kama uko kanda ya ziwa tumia yaliyosafishwa vizuri kiwandani.

Na yote haya hayana maana kama unachoma sindano za testosteroni (homoni ya kiume) za gym, iyo inazima kiwanda chenyewe. Sigara acha, laptop iondoe mapajani, korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili.

Miezi mitatu ikiisha pima tena maabara ileile, na siku iyo muende na mama watoto naye apimwe, hasa kama mwaka umepita bila mimba, au miezi sita kama yeye amevuka 35.