Kutoa fosfolipidi za E. coli na kuziona kwa macho, hata wakati wa masika

Utando wa bakteria E. coli una fosfolipidi (mafuta yenye fosfati) tatu kubwa: fosfatidiliethanolamini (PE) karibu 75%, fosfatidiligliseroli (PG) karibu 20%, na kardiolipini kidogo. Tutazitoa kwa njia ya Bligh na Dyer ya 1959.

1. Otesha chupa mbili. Ya kwanza ivune bakteria wakiwa bado wanakua kwa kasi: mililita 50 kwa OD (kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wao) 0.5. Ya pili iache ilale hadi kesho, uchukue mililita 5 kwa OD 5, ili seli zilingane. Umeme ukikatika usiku na kitikisio kikasimama, mwaga uanze upya.

2. Zungusha kwa sentrifuji. Koroga mashapo katika maji 0.8 ml, ongeza methanoli 2 ml na klorofomu 1 ml. Mirija iwe ya kioo. Niliwahi kutumia ya plastiki nikafurahia doa kubwa jipya kwenye bamba la mwisho. Kumbe ni plastiki yenyewe! Fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kwa joto letu la Dar, klorofomu hudondoka kwenye pipeti kabla hujafika: ivute na kuirudisha mara mbili kwanza.

3. Tikisa, acha dakika 20. Hapa kusiwe na tabaka. Kisha ongeza klorofomu 1 ml na maji 1 ml, zungusha tena. Fosfolipidi zitakuwa chini, ndani ya klorofomu, na protini juu yake kama ukoko. Nyonya ya chini, kausha kwa naitrojeni.

4. Oka bamba la silika kwa 110°C, dakika 30, lipoe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu). Usiruke hatua hii: silika hunywa unyevu wa pwani, na madoa yatatambaa kama wino kwenye karatasi mbichi.

5. Yeyusha mafuta yaliyokauka kwa klorofomu kidogo, dondoshea karibu na ukingo wa chini wa bamba, kisha yapandishe kwa mchanganyiko wa sehemu 65 za klorofomu, 25 za methanoli na 10 za asidi asetiki, sampuli za fosfolipidi zinazojulikana zikiwa pembeni. Nyunyiza nainhidrini na upashe moto: PE itageuka zambarau. Molibdenamu itaonyesha zote kwa buluu.

Wengi hutafuta fosfatidiliserini, fosfolipidi nyingine, wasiione. Kimeng'enya PssA huitengeneza kutoka CDP-diasiligliseroli (mafuta tangulizi) na serini, lakini kimeng'enya Psd huinyang'anya kabonidioksidi papo hapo, ikawa PE. PG hupita njia nyingine, ya kimeng'enya PgsA. Sasa linganisha chupa zako: iliyolala ina doa nene zaidi la kardiolipini, kwa kuwa vimeng'enya vya Cls vimeunganisha PG mbili mbili na kuachia gliseroli.