Somo: Pima mvutano wa dunia mwenyewe kwa timazi ya fundi na simu yako

Wakuu habari za muda huu. Leo tufanye kitu ambacho naona kilitakiwa kifanyike form one siku ya kwanza kabisa. Wengi wetu tumemaliza shule tumekariri kwamba g ni 10, kwenye mtihani unaweka 10, hesabu inatoka, basi. Hiyo 10 imetoka wapi hakuna aliyeuliza. Mimi nimekuja kuipima nikiwa mtu mzima, saiti, namsubiri fundi amalize chai, timazi yake (kile kizito cha kwenye uzi cha kunyooshea ukuta) inaning'inia kwenye boriti inabembea taratibu, nikatoa simu nikaanza kuhesabu, na jibu lilipotoka nilisimama pale naiangalia ile timazi kama vile sijawahi kuiona.

Kwanza tuelewane g ni nini. Kitu ukikiachia kikaanguka, kila sekunde inayopita spidi yake inaongezeka kwa mita 9.8 hivi kwa sekunde. Hiyo ndo g. Shida ni kwamba kutoka darini mpaka sakafuni kitu kinatumia chini ya sekunde moja, kwa jicho hukipati. Timazi inatusaidia maana nayo inaanguka, ila inaanguka kwa upande, polepole, na inarudia mara nyingi kadri unavyotaka.

Hatua ya 1. Tafuta timazi. Kama huna, kufuli au nati kubwa ya lori inafaa, muhimu iwe nzito na ndogo. Uzi uwe ule wa nailoni wa mafundi, mwembamba, usiovutika. Manila hapana, ni nene inakamata upepo.

Hatua ya 2. Piga msumari kwenye boriti au fremu ya mlango, ukae imara kabisa. Msumari ukicheza majibu yote yanaharibika. Funga uzi.

Hatua ya 3. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Urefu unapimwa kutoka pale uzi unapoanzia kubembea, chini ya fundo, mpaka KATIKATI ya kile kizito, sio mpaka kinapoanzia na sio mpaka kwenye ncha. Weka mita 1 kamili. Ukikosea sentimita moja tu, jibu lako limekosea kwa asilimia moja, yaani badala ya 9.8 unasoma 9.7 au 9.9, kwa hiyo chukua muda wako, pima mara tatu na uzi ukiwa umebeba mzigo.

Hatua ya 4. Vuta pembeni kidogo, sentimita 10 zinatosha. Usivute sana, hii hesabu ni ya bembea ndogo. Achia, usisukume. Iache ibembee mara mbili tatu itulie.

Hatua ya 5. Washa saa ya simu timazi inapopita katikati, pale chini kabisa, na hapo useme SIFURI. Ikienda kushoto, ikarudi kulia, ikapita tena katikati ikielekea upande uleule wa mwanzo, hiyo ni moja. Hesabu mpaka 20, zima.

Hatua ya 6. Gawa sekunde zako kwa 20, jibu lizidishe kwa lenyewe. Alafu chukua 39.48 (ni pai mara pai mara 4), zidisha kwa urefu kwa mita, gawa kwa lile jibu. Mimi siku ile nilipata sekunde 40.2. Gawa kwa 20 ni 2.01, mara yenyewe ni 4.04, na 39.48 gawa kwa 4.04 ni 9.77. Kwa uzi na simu!

Sasa kabla hujafungua vifaa, badilisha kizito. Weka kitu cha uzito mara mbili, urefu uleule mpaka katikati. Muda haubadiliki. Hapa naomba tukae kidogo maana ndo moyo wa somo lote. Kitu cha kilo 2 dunia inakivuta kwa nguvu mara mbili ya kile cha kilo 1, huo ni ukweli, ukikibeba mkono unakuambia. Ila cha kilo 2 kina tungamo mara mbili, yaani ni kigumu mara mbili kukisogeza, na hiyo ni sheria ya pili ya Newton, aliyoitoa 1687: nguvu ni tungamo mara mchapuko (yaani spidi inavyoongezeka kila sekunde). Nguvu mara mbili, ugumu mara mbili, zinafutana, vyote vinaenda sawa.

Sheria ya kwanza nayo ipo palepale. Timazi ikifika chini katikati hakuna kinachoisukuma mbele, mbona haisimami? Kwa sababu kitu kikishakuwa kwenye mwendo kinaendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nimepata 10.9, nimerudia mara mbili ileile. Uzi ni mita 1 kamili.
Jibu: Nina uhakika ulisema "moja" pale ulipowasha saa. Hapo umehesabu bembea 19 ukagawa kwa 20. Anza na sifuri, utaona.

Swali: Kama vizito na vyepesi vinaanguka sawa, mbona karatasi inachelewa na jiwe linatangulia?
Jibu: Hewa hiyo dada. Ikunje karatasi iwe kidonge uachie tena. Na 1971 David Scott wa Apollo 15 alisimama mwezini, ambako hakuna hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikafika chini pamoja.

Swali: Nipo Nanyuki, Ikweta imepita hapahapa, kaka yangu yupo Sweden. Tutapata sawa?
Jibu: Swali zuri sana hili. Hapana. Ikweta kwenye usawa wa bahari ni 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Dunia imevimba kiunoni, kwa hiyo sisi wa Ikweta tupo mbali zaidi na kitovu chake, alafu na mzunguko wake unapunguza kidogo, na nyie wa Nanyuki mpo juu mlimani pia. Mfaransa Jean Richer aligundua hili 1672, alipeleka saa ya pendulamu (inayoendeshwa na kizito kinachobembea kama timazi yetu) Cayenne, Amerika ya Kusini karibu na Ikweta, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Ila kwa bembea 20 tofauti yenu haifiki sekunde 0.1, kidole hakiwezi. Hesabuni 200 kila mmoja, uzi mpime mpaka milimita.

Swali: Sheria ya tatu inasema timazi nayo inaivuta dunia kwa nguvu ileile. Mbona dunia haisogei?
Jibu: Inasogea. Ila dunia ina kilo 6 ikifuatiwa na sifuri 24, ukigawa ile nguvu ndogo kwa tungamo hilo, kinachobaki hakuna kifaa cha kukiona.

Swali: Wanaanga wanaelea, huko hakuna mvutano?
Jibu: Upo, tena mkubwa. Kituo cha anga kipo kama kilomita 400 juu, mvutano pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, ila wana spidi kubwa ya kwenda pembeni kiasi kwamba dunia inapinda chini yao na hawaifikii.

Swali: Mwalimu nimepunguza uzi ukawa sentimita 25 nimepata sekunde 20.1. Urefu robo, muda nusu??
Jibu: Ndo hivyohivyo, umeipata mwenyewe. Sasa kama una ghorofa karibu, shusha uzi wa mita 4 kwenye uwazi wa ngazi, uniambie kama hukupata sekunde 80.