Baada ya ajali ya bodaboda: mguu, makaratasi na pikipiki

Ukiacha wanaofariki palepale, madhara mengi ya ajali za bodaboda Dar es Salaam hutokea siku zinazofuata. Mguu uliovunjika hukandwa kwa maji ya moto. Abiria hupokea hela kidogo ya "kumalizana" kabla hata ya kupiga eksirei. Pikipiki hunyooshwa kwa nyundo na kurudi kazini kesho yake. Mwongozo huu ni wa dereva, abiria na ndugu wanaowauguza, na unahusu zaidi kipindi hicho.

Kwanza, barabarani

Mtu mmoja aende mita 50 hivi nyuma kuwaashiria magari, hasa usiku au kwenye barabara kama Mandela na Kilwa ambako malori hayana nafasi ya kukwepa. Mwingine azime swichi ya pikipiki na kufunga koki ya mafuta. Polisi wanapatikana kwa 112.

Kosa linaloonekana karibu kila ajali ni kumnyanyua majeruhi kwa kwapa na kumkunja ndani ya bajaji. Kama anaumwa shingo au mgongo, au hasikii miguu, aachwe alale palepale, isipokuwa kuwe na moto au hatari ya kugongwa tena. Ikibidi kumhamisha, wanahitajika watu 4: mmoja ashike kichwa kwa mikono yote miwili kikae sawa na mwili, wengine wainue kifua, nyonga na miguu kwa pamoja. Helmeti ibaki kichwani kama anapumua vizuri. Ivuliwe tu ikiwa inazuia pumzi au anatapika, tena na watu wawili, mmoja akishikilia shingo.

Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza. Kunja kanga safi, weka juu ya kidonda, bana kwa kiganja dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ikilowa, ongeza nguo nyingine juu yake, usiondoe ya kwanza. Mfupa uliotoka nje usirudishwe ndani. Funika tu kwa kitambaa safi. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mguu mzima, katikati uweke nguo iliyokunjwa, na mafundo yasikae juu ya palipovunjika. Aliyeungua na eksosi amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta ya breki visiguse hapo.

Asipewe maji wala soda. Huenda akahitaji upasuaji ndani ya saa chache, na tumbo lenye kitu huahirisha usingizi wa upasuaji au kuufanya uwe wa hatari.

Hospitali: mambo ya kuulizia

Majeruhi wengi huanzia hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala. Mivunjiko mikubwa, uti wa mgongo na kichwa hupelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, isimcheleweshe mtu anayevuja damu. Majeruhi atangulie hospitali, ndugu mmoja aende kituo cha polisi kilicho karibu na eneo la ajali kuifuata. Fomu hiyo hutolewa bure.

Ndugu aliye kando ya kitanda aulize mambo manne. Je, mgonjwa amechomwa sindano ya pepopunda? Kama kidonda kimefika kwenye mfupa, ameanza antibayotiki? Hiyo ni dawa ya kuanza mapema kabisa, hata kabla ya kusafishwa chumba cha upasuaji, kwa sababu uchafu wa barabarani ukishaingia kwenye mfupa unaweza kuleta usaha wa miezi au miaka. Je, eksirei imeonyesha kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko? Mundi wa mguu ukivunjika, picha ionyeshe goti na kifundo pia, la sivyo mvunjiko wa pili hupita bila kuonekana. Na mwisho, kabla na baada ya kufungwa POP (plasta ngumu), kuna aliyepima mapigo ya damu kwenye unyayo na kuuliza kama vidole vinasikia?

Kichwa kina sheria yake. Aliyezimia hata dakika moja, asiyekumbuka ajali ilivyotokea, au anayetapika mara kwa mara, asiondoke hospitali kwa kuwa tu anaongea. Damu inaweza kukusanyika taratibu ndani ya fuvu saa kadhaa baadaye. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asilale peke yake kwa saa 24 hadi 48. Mwamsheni mara chache usiku, mwulizeni jina lake na mahali alipo. Kichwa kuuma kunakozidi, kusinzia bila kuamka vizuri, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, au maji maji kutoka puani au sikioni: rudini usiku huohuo.

Gharama zikionekana kuwazidi, msisubiri siku ya kuruhusiwa. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Ni rahisi zaidi kusaidiwa kabla bili haijapanda. Mkiambiwa mlete wachangia damu, leteni ndugu wenye afya. Damu yenyewe haiuzwi, na yeyote anayedai pesa ya chupa ya damu koridoni anafanya biashara haramu.

POP, vyuma na kukandwa

Hapa ndipo miguu mingi hupotea, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mguu uliofungwa POP huendelea kuvimba siku mbili tatu za mwanzo, lakini plasta haitanuki. Uweke juu ya mito miwili, kisigino kiwe juu kuliko moyo, kwa saa 48 hadi 72. Usiukanyagie kabla plasta haijakauka kabisa, nayo huchukua siku mbili hadi tatu kwa joto la Dar, zaidi wakati wa masika. Usichokonoe kwa spoku au kijiti ukisikia mwasho; kidonda cha ndani ya POP hakionekani mpaka kinuke.

Dalili za hatari ni maumivu yanayozidi licha ya dawa, maumivu makali mtu mwingine akikunyooshea vidole, ganzi, vidole kuwa vya baridi au kubadilika rangi. Hiyo maana yake shinikizo ndani ya msuli limezuia damu. Msuli huanza kufa ndani ya saa chache, na POP au ngozi inabidi ifunguliwe haraka. Usingoje kliniki ya Jumatatu. Rudi dharura muda huohuo, hata saa nane za usiku.

Kuhusu waunga mifupa wa kienyeji na wakandaji, heshima ya wazee ipo, lakini mfupa uliovunjika haukandwi. Kukanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe na damu ndani, huhamisha vipande vya mfupa, na vijiti vilivyobanwa sana huzuia damu mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mkwaruzo na misuli iliyoteguka ni jambo jingine. Hata hivyo siku mbili za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila mara. Moto bado.

Aliyewekewa vyuma vya nje asafishe tundu la kila chuma kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha chumvi. Tumia pamba au gozi mpya kwa kila tundu, usirudie ileile, nawa mikono kwanza. Ute mwepesi kidogo ni kawaida. Usaha, wekundu unaosambaa, homa au chuma kinachocheza si kawaida.

Mundi uliovunjika huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, na ukiwa umetoboka ngozi huenda zaidi. Sigara huchelewesha sana. Supu ya kongoro si mbaya, lakini mfupa unahitaji protini ya kila siku: mayai, maharage, samaki, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kwa maumivu, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa saa 24.

Viungo visivyofungwa vichezeshwe kila saa ukiwa macho: vidole na kifundo mara 10, msuli wa paja kukazwa kwa hesabu ya 5 kisha kuachiwa, mara 10. Kazi hii huzuia damu kuganda kwenye mishipa. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuchoma, kimbia hospitali.

Magongo yapimwe ukiwa umesimama wima: kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole 2 au 3, na mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa unaning'inia. Uzito ubebwe na viganja. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mkono unakufa ganzi. Ngazi, panda na mguu mzima kwanza. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa kwanza. Choo cha kuchuchumaa hakifai. Fundi seremala akate tundu katikati ya kiti cha mbao imara, kiwekwe juu ya shimo. Mpira wa chini ya gongo ukiisha badilisha, maana sakafu ya bafuni yenye sabuni imewavunja tena watu waliokuwa wamepona.

Usimalizane barabarani

Mtu aliyekugonga akikupa elfu hamsini au laki na kukuomba usiende polisi, unasaini kitu ambacho hujui ukubwa wake. Kano ya goti iliyokatika inaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye, uvimbe ukishaisha. Pesa ya matibabu ya siku hiyo unaweza kuipokea, ila kwa maandishi yanayosema ni ya matibabu ya awali, si malipo ya mwisho.

Siku ya ajali piga picha hizi: namba za usajili za vyombo vyote (za pikipiki huanza na MC), stika ya bima, leseni ya dereva, mahali vyombo vilipolala kabla ya kusogezwa, alama za matairi, na uso wa barabara kama kuna shimo au mchanga. Chukua simu za mashahidi wawili. Wauza matunda wa pembeni na madereva wa kijiwe ndio waliobaki wakati magari yameondoka.

Stika ihakikiwe mtandaoni kwa namba ya usajili kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Soma mambo matatu: kampuni, tarehe ya mwisho, na aina ya matumizi. Hili la tatu ndilo linalowaumiza abiria. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku inabeba abiria kwa nauli inaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai. Na bima ndogo hulipa watu wengine walioumizwa na chombo hicho. Haimlipi dereva wake mwenyewe wala haitengenezi pikipiki yake. Dereva anayesafirisha mizigo akiwa ameajiriwa amtake mwajiri atoe taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Faili lako liwe na PF3 iliyojazwa na daktari (piga picha pande zote kabla ya kuirudisha polisi), ripoti ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo, muhtasari wa matibabu, picha za eksirei, na risiti zote hata za nauli ya kliniki. Risiti za mashine hufifia. Zipige picha wiki hiyohiyo. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa na kitambulisho cha NIDA kila mahali, kwa sababu herufi moja huweza kukuzungusha miezi. Toa taarifa kwa kampuni ya bima mapema, kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikataa bila sababu ya maandishi, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakamani, dai la madhara kama haya lina ukomo wa miaka 3.

Pikipiki ya mkataba ina mtu wa tatu, yaani tajiri, mwenye pikipiki. Mpigie siku hiyohiyo, na mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi kama hesabu anayolipwa inasimama wakati dereva yuko kitandani. Ikilazwa kituoni, andika orodha ya betri, saiti mira, tairi na kilomita, umwombe askari asaini.

Kabla haijarudi barabarani

Usiiwashe mara moja kama ililala ubavu muda mrefu. Oili inaweza kuwa imeingia kwenye silinda. Toa plagi, piga kiki polepole mara kadhaa, kagua oili na kichujio cha hewa, ndipo uwashe.

Kisha mbele. Toa ekseli: ikipita kwa vidole bila kugongwa, fok zimekaa sambamba. Bomba la fok linaloshukiwa kupinda liviringishwe juu ya kioo. Likiruka, linunuliwe jipya. Kulipasha moto na kulinyoosha hulegeza chuma, na baadaye hukatika kwenye breki kali. Futa matope kwenye shingo ya chesisi na utafute ufa kwenye rangi karibu na maungio. Rimu izungushwe mbele ya kijiti kilichosimamishwa. Ikiyumba zaidi ya milimita 2, spoku zikazwe au rimu ibadilishwe. Usukani ugeuke mwisho hadi mwisho bila kukwama katikati. Ukikwama, beringi za shingo zimeumia. Helmeti iliyopiga chini haitumiki tena hata kama nje haina ufa, kwa kuwa povu la ndani likishabonyea halirudi.

Safari ya kwanza iwe peke yako, mtaa usio na magari, breki za mbele na nyuma zikijaribiwa kwa mwendo wa 20. Dereva ambaye bado anaota ajali, anatetemeka akisikia honi au anakwepa barabara ileile baada ya mwezi mzima, hiyo nayo ni sehemu ya majeraha. Aitaje kwa daktari kliniki kama anavyotaja goti, na abiria wasubiri mpaka itulie.