Usiache prosesi yatima kwenye skripti
Prosesi yatima ni programu inayobaki hai baada ya skripti iliyoiwasha kufa. Kama skripti yako ya bash (programu inayosoma amri za terminali) inawasha seva nyuma, yaani kwa & halafu inaendelea na kazi nyingine, jua ukipiga Ctrl+C skripti inakufa ila seva inabaki, coz bash inaziambia prosesi za nyuma zipuuze hiyo Ctrl+C, ndo maana ukirudia unaambiwa poti (namba ya mlango ambao seva inasikilizia) inatumika. Baada ya & kamata namba ya prosesi ya seva, pid=$!, weka trap 'kill $pid' EXIT ili seva iuawe skripti ikiisha, halafu mwishoni wait $pid ili skripti isubiri seva. Hiyo wait wengi wanaisahau, bila hiyo skripti inafika mwisho, trap inafyatuka na seva inauawa hapohapo.

Ukitaka seva iendelee hata ukitoka kwenye ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) achana na trap, andika nohup ./seva >seva.log 2>&1 </dev/null & maana usipoelekeza zote tatu (matokeo, makosa na ingizo) ssh inaweza kuganda tu.