Namna ya Kuipima Habari ya Afya kwa Mkono Wako Mwenyewe

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi za afya hapa Dodoma, awe Chuo Kikuu cha Dodoma au katika chuo cha kati kilichopo mjini, hupokea habari za tiba kwenye simu kabla hajamaliza uji wa asubuhi, na nyingi kati ya hizo huzisoma kichwa tu na kuzisambaza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichukua habari moja na kuigeuza kuwa somo la fiziolojia linalokaa kichwani. Nimechagua habari inayohusu mahali pa kuweka mkono wakati wa kupima presha, kwa kuwa inaweza kujaribiwa kwenye meza ya hosteli, na kwa kuwa kosa inalolieleza tunalitenda kila siku.

Oktoba 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walichapisha katika jarida la JAMA Internal Medicine matokeo yaliyoonyesha kwamba, ukilinganisha na mkono uliolazwa mezani usawa wa moyo, mkono uliowekwa mapajani huzidisha shinikizo la juu (la wakati moyo unasukuma damu) kwa wastani wa milimita 3.9 za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha presha, na la chini (la wakati moyo unapumzika) kwa 4.0, ilhali mkono unaoning'inia ubavuni huzidisha la juu kwa 6.5 na la chini kwa 4.4.

Kabla ya kuyaamini wala kuyakataa matokeo hayo, tafuta muhtasari wa utafiti wenyewe na uanze kusoma sehemu ya mbinu. Jiulize walipimwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na nini kilizuiwa kisiharibu vipimo. Hapa walipimwa watu wazima 133, na kila mmoja alipimwa katika mikao yote mitatu kwa mpangilio wa bahati nasibu, kwa hiyo alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Jambo hilo ni kubwa kuliko idadi: mtu mnene hakulinganishwa na mwembamba, wala mzee na kijana.

Baada ya hapo chukua kalamu, maana hatua hii ndiyo wengi huiruka. Damu iliyomo katika ateri ni mfano wa maji ndani ya bomba lililosimama: kadiri unavyoshuka, ndivyo uzito wa safu iliyo juu unavyoongeza shinikizo. Zebaki ni nzito kuliko damu karibu mara 13, hivyo safu ya damu yenye kimo cha milimita 100, yaani sentimita 10, hutoa shinikizo la milimita 7.7 hivi za zebaki. Kwa hesabu hiyo, ongezeko la 6.5 lingehitaji mkanda wa mashine unaofungwa mkononi ushuke sentimita 8 na kitu chini ya usawa wa moyo, umbali ambao mkono unaoning'inia huufikia bila shida. Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake ingelipandisha shinikizo la chini kwa kiwango kile kile, nalo lilipanda kwa 4.4 tu. Usiifiche tofauti hiyo. Iandike pembeni mwa daftari pamoja na maswali ya kumpelekea mhadhiri: je, mkono usioegemezwa huifanya misuli ijikaze na mishipa ibane, na damu inayorudi moyoni hubadilikaje? Kwa maoni yangu, swali moja la namna hiyo lina faida kuliko kurasa kumi za kukariri.

Sasa jaribu mwenyewe. Azima mashine ya kidijitali inayofungwa juu ya kiwiko, kisha chagua mkanda unaolingana na mkono wa anayepimwa, kwa namna ambayo mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Nalisisitiza hili kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi nilimfunga mwenzangu mwenye mikono minene mkanda uliokuwapo mezani, nikamtajia 152 kwa 94, naye akamaliza Jumamosi na Jumapili bila usingizi; Jumatatu mkanda mkubwa ulisoma 126 kwa 78. Utafiti mwingine wa Johns Hopkins, wa mwaka 2023, ulikuta kwamba mkanda wa kawaida ukifungwa kwenye mkono unaohitaji ule mkubwa kupita wote huzidisha shinikizo la juu kwa wastani wa 19.5, kiasi cha kumpa mtu mwenye afya jina la mgonjwa.

Anayepimwa asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara wala kufanya mazoezi katika dakika 30 zilizopita, na aende haja ndogo kwanza. Aliyepanda kwa miguu kutoka kituo cha daladala saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, apumzike mpaka jasho likauke, ndipo uanze kuhesabu dakika tano za kukaa kimya. Mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu, miguu isipishanishwe. Meza za hosteli mara nyingi ni fupi. Panga vitabu viwili au vitatu chini ya mkono mpaka katikati ya mkanda ifikie usawa wa katikati ya mfupa wa kidari. Mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya sweta, hata asubuhi za Julai ambapo upepo wa huku hauna huruma. Wakati mashine inajaa, wote wawili nyamazeni, kwa sababu mazungumzo nayo hupandisha shinikizo.

Andika "meza", "mapaja" na "ubavu" kwenye vikaratasi vitatu, uvikunje, na anayepimwa achague kimoja kimoja. Ukianza na meza kila mara, hutajua kama tofauti imeletwa na mkono au na kutulia kwa mtu kadiri muda unavyopita. Pima mara tatu kwa kila mkao, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kisha utafute wastani. Usishangae mtu mmoja akienda kinyume na utafiti, kwani wastani wa watu 133 haumfungi kila mtu.

Unapolinganisha namba zako na mipaka, taja ni mipaka ya nani. Mwongozo wa Marekani, tangu ule wa mwaka 2017, huhesabu ugonjwa wa presha kuanzia 130 kwa 80, ilhali ule wa jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya moyo wa mwaka 2024 umebaki na 140 kwa 90 na kuongeza kundi la shinikizo lililopanda, kuanzia 120 kwa 70. Mtu mwenye 134 kwa 82 anaweza basi kuitwa mgonjwa upande mmoja na asiitwe upande wa pili, na milimita chache za mkono uliowekwa vibaya zinatosha kumvusha mpaka.

Zoezi hili si uchunguzi wa ugonjwa. Omba ridhaa, andika herufi badala ya majina, na usitume namba za mwenzako kwenye kundi la darasa. Anayerudia kupata 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti aende kituo cha afya akiwa na karatasi ya vipimo vyake, wala asimeze vidonge vya jirani wa chumba. Akifika 180 kwa 120 huku kifua kikimuuma, pumzi ikimbana, macho yakififia au upande mmoja wa mwili ukilegea, fungeni daftari na mumpeleke hospitali saa hiyo hiyo.